Helka Ronkainen, Aliyeulizwa Mara Moja

Wasifu huu unasomwa na mama yake mdogo, Outi, katika kanisa la Petäjäniemi, Jumamosi tarehe 15 Machi 2025.

Marehemu Helka Tuulikki Ronkainen alizaliwa tarehe 3 Novemba 2011 mjini Kajaani, mtoto wa pili wa Katri na Jarmo Ronkainen wa hapa Petäjäniemi. Babu yake alipomwona mara ya kwanza alisema mtoto huyu ana mdomo wa kubisha. Hakukosea.

Kisukari kilimpata akiwa na miaka sita, miezi michache kabla ya kuanza shule. Katri aliiogopa shule kuliko ugonjwa wenyewe, maana nyumbani macho yote yalikuwa kwa mtoto, na darasani watoto ni wengi kwa mwalimu mmoja. Basi Helka akapewa msaidizi wa shuleni, Mervi, aliyempima sukari kabla ya chakula, akamdunga insulini kulingana na viazi na mkate aliojipakulia, kisha akakaa naye hadi sahani iwe tupu. Shida ya Helka ni kwamba sukari ikishuka hakulalamika. Alinyamaza, na akipewa kitu alikataa.

"Sitaki juisi. Niache!"

"Anayekataa si wewe, ni sukari," Mervi alimwambia. "Kunywa kwanza, halafu tugombane."

"Mervi, wewe ni kero!"

"Kero amekaa hapa anakusubiri. Kunywa."

Aliishia kunywa, na muda si mrefu alikuwa akicheka na kumtania Mervi mwenyewe. Walizozana hivyo miaka yote ya shule ya msingi, na kila Krismasi Helka alimfumia Mervi soksi mbili zisizofanana, makusudi kabisa.

Agosti 2024 aliingia darasa la saba katika shule ya mjini. Mervi hakwenda naye. Katri aliomba msaidizi mwingine, akajibiwa kwa upole kwamba binti ni mkubwa sasa, ana kipimo kilichobandikwa mkononi na kengele kwenye simu inayolia sukari ikishuka, anajiweza. Kwetu hakuna sifa inayopita hiyo, na Helka mwenyewe aliipenda. "Mama, usinipigie simu shuleni, utaniaibisha," alisema. Hakujaliwa kufika umri wa kazi wala wa ndoa. Alitaka kuwa daktari wa farasi, na kwa ubishi ule angekuwa tu.

Tarehe 25 Februari darasa lao lilikwenda msituni kuteleza kwenye theluji kwa ski. Baridi ilikuwa kali mno, simu ya Helka ikazimika mfukoni, na kengele ikazimika nayo. Walipopumzika kwenye kibanda cha kuotea moto, mwalimu wa michezo, Pasi, alipita na chupa ya juisi ya moto, tamu.

"Helka, juisi?"

Akatikisa kichwa.

"Haya."

Kwetu mtu huulizwa mara moja. Kumuuliza tena ni kumsumbua, na Pasi ni mtu mwenye adabu.

"Pasi, mbona Helka kanyamaza hivyo?" aliuliza Siiri, rafiki wa Helka.

"Kachoka huyo. Mwacheni apumzike."

Wakamwacha, wakaendelea kuchoma soseji. Walipokwenda kumwambia muda wa kuondoka umefika, hakuamka. Sindano ya dharura ya kupandisha sukari ilikuwa shuleni, kabatini kwa muuguzi. Kikombe kimoja cha juisi ile, kama angelazimishwa, huenda kingemwokoa. Inauma kuandika hivyo, na kusoma mbele yenu kunauma zaidi. Helka aliaga dunia hospitalini tarehe 27 Februari, wazazi wake wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Pasi yumo humu kanisani. Familia ilimwomba aje, na amekuja.

Marehemu ameacha wazazi wake, Katri na Jarmo, kaka yake Eetu, babu yake Arvo, bibi yake Lempi, na Mervi, ambaye tunamhesabu kuwa mfiwa kama sisi.

Wasifu wa namna hii humalizika kwa kumwombea marehemu apumzike. Katri ameomba leo neno hilo tusiliseme, kwa sababu mwanawe alishaachwa apumzike. Tumwombee Helka aamshwe.