Julius Githinji Wahome, Aliyeambiwa Nyutro Haiumi

Marehemu Githinji alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, Dandora, mwana wa pili wa Mzee Wahome na Mama Mirriam. Mama anaapa kwamba kilio chake cha kwanza kilipoteza stima mtaa mzima. Hatujabishana naye.

Alisomea hapo hapo Dandora, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 2007. Mwaka 2009 aliajiriwa na kontrakta wa laini za stima. Huko walimbandika jina Glavu, kwa kuwa hakugusa waya bila glavu za mpira, hata ule wa nyutro, unaorudisha stima. Wenzake walimcheka: nyutro imefungwa ardhini, itakuuma na nini? Yeye alijibu, "Ukiikata, stima ya nyumba zote hukosa njia ya kurudi. Njia inakuwa wewe."

Mwaka 2013 alimwoa Shiru. Siku ya ruracio, ya kupeleka mahari, glavu zilikuwa zikichungulia mfukoni mwa koti. Mama mkwe akauliza, "Kijana, umekuja kuoa ama kupima kama msichana wangu ako na moto?"

"Mwache avae, mum," Shiru akasema. "Moto uko."

Msimamizi wa harusi alikuwa Kweyu, foremani wake.

Hakuugua hata mafua. Tarehe 3 Juni 2025 alitumwa Kware kurekebisha kiungo cha nyutro kilichoungua. Glavu zake ofisi ilikuwa imezichukua, ikaivalisha sanamu ya maonyesho ya wiki ya usalama. Sanamu iko salama. Githinji akakataa kukata kiungo mpaka Kweyu, aliyepanda ngazi nyingine kando yake, afunge jampa, ule waya wa muda unaovusha stima kando ya kiungo. Saado, mwenye duka chini ya nguzo, aliwasikia.

"Kweyu, umefunga?"

"Nimefunga, bro. Kata, tuende lunch. Nyutro haiumi."

Hakuwa amefunga. Ghorofani watu walikuwa wakichemsha maji ya kuoga kwa stima. Githinji alikata, kwa sababu aliyemjibu ndiye aliyemshikia pete kanisani. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitalini.

Ofisi ilituomba tuandike hapa kwamba marehemu "hakuzingatia kanuni." Tumeandika alichofanya: aliuliza.

Ameacha mjane, Shiru. Watoto, Shirleen na Njogu. Na wazazi wake wote wawili. Ameacha pia Kweyu, ambaye ameomba kubeba jeneza. Abebe. Ila akisema ameshika, wenzake wamwangalie mkono.

Glavu tuliivua sanamu, tukamvalisha mwenyewe. Apumzike nazo kwa amani.