Joho la Kwaya

Kwenye pantoni ya Kigamboni Thuraya alijifanya anatazama maji, kumbe masikio yote yako kwa wanawake wawili waliokutana humo humo na kuambiana mambo ambayo ndugu hawaambiani.

“Dada, mume kakukimbia, kaenda kuishi na mwingine, kanisa likamtenga, na wewe kila Jumamosi unampigia pasi joho la kwaya? Mie naona ujinga.”

“Huenda, mdogo wangu. Ila jana amerudi kundini. Ametubu mbele ya usharika mzima, analia, na joho lilikuwa tayari. Nikamvalisha kwa mikono yangu.”

“Kwa hiyo umeshamsamehe?”

“Hilo bado namwomba Mungu. Joho ndilo nililoliweza.”

Thuraya, ambaye kanisani hajawahi kukanyaga, alisahau hata kujifanya anatazama maji. Pantoni ikagusa gati, abiria wakashuka, yeye akabaki ameketi, bado akiliwazia joho lile.