Tausi Niliowafunika kwa Saruji

Ndugu zangu, kazi yangu imenizoeza kuwapa watu mgongo, uso ukiwa ukutani. Leo mnivumilie nikiwatazama.

Nilizaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mapadre walinifundisha kupamba majengo: maua juu ya nguzo, malaika juu ya milango. Vita vilipotufukuza nilivukia Kigoma, nikapanda treni, nikashukia Tabora. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi akanipa kazi ya kupamba ghorofa yake. Nilimfinyangia tausi wawili wa saruji juu ya mlango. Watu walisimamisha baiskeli kuwatazama.

Halafu majumba yakataifishwa. Yule mfanyabiashara akafunga duka, akaondoka na familia yake. Siku moja ofisa mmoja akaniita.

"Wewe ndiye uliyetengeneza wale ndege?"

"Ndiyo, mzee."

"Mapambo ya kinyonyaji yale. Wafute. Kibali chako cha kukaa hapa kiko mikononi mwangu, unaelewa?"

Nilielewa. Kwetu risasi zilikuwa bado zinalia. Nikapanda ngazi, nikawafunika tausi kwa saruji mpaka ukuta ukawa bapa. Watu walipita chini yangu, hakuna aliyeinua uso.

Nawaambieni, tangu hapo mikono ilikataa. Nikishika mwiko wa saruji, nauweka chini tena. Kurudi kwetu siwezi, kuhamia mji mwingine siruhusiwi, na mjini hakuna tena anayetaka pambo. Nikajifungia katika chumba nilichopanga, dirisha nimeliziba kwa gunia. Treni ya Kigoma ikipiga honi, nilikuwa nauma blanketi. Mwenye nyumba wangu, mama mjane, aliniwekea ugali mlangoni. Mara nyingi sahani ilirudi haijaguswa.

Mvua ikaangusha ukuta wake wa uani. Akanigongea.

"Fundi, njoo tukande udongo."

"Mama, mimi siwezi tena."

"Sijakuuliza kama unaweza. Nimekwambia njoo, peke yangu nimeshindwa."

Nikatoka, jua likinichoma macho. Tukakanyaga udongo pamoja, yeye kapandisha kanga magotini. Sijui vidole vilianza lini. Nilishtukia tu kwenye ukuta mbichi pana jani la tumbaku.

"Mbona umelitoboa?" akauliza.

"Wadudu hao, mama."

Alicheka mpaka akakaa kwenye matope. "Kama ya shamba letu Usoke!" Nami nikacheka, kisha nikalia kwa sauti, bila haya.

Akanileta kwao hapa Usoke, kijiji kikiwa kinajenga zahanati. Mkutanoni mwenyekiti akauliza, "Mgeni huyu atadhaminiwa na nani?" Mama akasimama. Wakasimama na wengine, watu ambao hata majina yao sikuyajua. Kwa udhamini huo nikapata ruhusa ya kuishi hapa, na nguzo za zahanati nilizozipamba mnaziona wenyewe.

Mliosimama siku ile, ahsanteni. Ninaloweza kuwaachia ni hili: jirani akijifungia, chakula peke yake hakimtoi. Mwambieni mnamhitaji, na iwe kweli.

Namwona mama pale nyuma, ananipungia mkono nisimtaje jina. Haya, mama. Nimenyamaza.