Nilichomficha Daktari wa Nywele

Assalaamu alaykum, ndugu zangu. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa leo ulimi wa kulisema jambo nililolifunika kwa mtandio miaka yote hii.

Mimi ni Zuwena, mzaliwa wa Gando, nimeolewa hapa Vitongoji. Nilikuwa na nywele ndefu, na mume wangu Khamis alipenda kunichana mwenyewe. Tulipokuwa tukijiandaa kwa harusi ya dada yangu, nilipakwa dawa ya kulainisha nywele, ikakaa kichwani kupita kiasi. Iliniunguza. Vidonda vikatunga usaha, na vilipopona nikabaki na kovu tupu, kutoka kwenye paji la uso hadi utosini.

Mwaka wa pili Khamis akaoa mke mwingine, huko mjini Wete. Hata siku zangu za zamu alikaa kwangu kama mgeni. Nikasema moyoni: ni hizi nywele. Zikirudi, naye atarudi.

Nikasafiri mpaka Dar es Salaam kwa daktari wa kupandikiza nywele, mama mtu mzima, mpole. Alinipima, akaniuliza, "Bi Zuwena, unatarajia nini?"

"Niwe kama siku ya harusi yangu."

"Hilo siwezi kukuahidi. Tutatoa nywele za kisogoni, nazo si nyingi. Penye kovu baadhi hazitashika. Zitakazoshika zitadondoka kwanza, ndipo ziote polepole, mwaka au zaidi. Utapata za kukusitiri. Zile za zamani hutazipata." Akanitazama. "Kuna jingine unalolitaka?"

Nikasema hakuna. Ndugu zangu, nilimficha.

Wiki ya tatu baada ya kupandikizwa, nywele zikadondoka kwenye mto. Alikwishaniambia, lakini masikio ndiyo yaliyosikia, moyo haukuwapo. Nikageuza kioo kikatazama ukuta. Chakula kikanishinda. Nikamwomba Mola anichukue.

Mwaka ukapita, zikaota. Nyepesi, za hapa na pale, kama alivyosema. Khamis alipokuja zamuni nikavua mtandio mbele yake, mara ya kwanza tangu niungue.

"Zuwena, si nywele zilizonitoa hapa," alisema. "Ulilala umenipa mgongo mwaka mzima. Nikikuuliza, hunijibu. Nilidhani umenichoka."

Hatukurudi kuwa kama zamani, ndugu zangu, nisiwadanganye. Anakuja siku zake, ananisalimu kwa heshima, anaondoka.

Adhuhuri ya siku ile aliyoniambia hayo, nilikwenda kutia udhu. Kwa miaka nilikuwa nikipaka maji kichwani haraka haraka, nimefumba macho. Siku hiyo nikapitisha mkono taratibu, juu ya nywele chache, juu ya kovu. Nikalia pale pale penye ndoo. Mola wangu alikuwa akikiona kichwa hiki siku zote, na hakunikimbia hata siku moja. Uzito ukanitoka kifuani. Huzuni imebaki, lakini kutaka kufa kumekwisha. Alhamdulillahi.

Ndugu yangu unayetaka kupandikiza nywele, sikuzuii. Nenda. Mwambie daktari ukweli wote, na akikupa kipimo cha kinachowezekana, kipokee kama kilivyo. Lile la moyoni mpelekee Mola, Yeye hachoki kusikiliza. Na mwenzako mwambie mapema, angali anakuuliza.