Mama Rudia na Unga wa Shemeji Yake

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika maabara yetu, fundi mwandamizi tunayemwita Mama Rudia anastaafu. Jina hilo alilipata kwa neno lake moja. Ukimpelekea jibu baya, anakuambia urudie. Ukimpelekea jibu zuri, anakuambia urudie mara mbili.

Kazi yake ilikuwa kupima kama majani, magome na mizizi, au dawa zilizobuniwa na wakemia wa ghorofa ya juu, zinaua bakteria. Unapanda bakteria kwenye sahani, unaweka tone la dawa, kesho yake unatazama kama pamebaki duara tupu ambamo bakteria wamekufa. Mama Rudia hakuliamini duara lolote. Alimshuku mkemia, akaishuku rula, na mwaka mmoja alilishuku jokofu hadi likapimwa. Kweli lilikuwa bovu.

Miaka minne iliyopita shemeji yake, mdogo wa mumewe, alileta unga wa majani aliokuwa akiwauzia kina mama ambao watoto wao wanaharisha. Duara likatoka pana ajabu. Mkuu wa maabara akaanza kuandika barua ya pongezi. Mama Rudia akanuna, akaufungia unga kwenye droo na kutembea na ufunguo. Minong'ono ikaanza: ana wivu, ama anataka kuuza siri nje. Mimi ninayeandika haya nilikuwa najaribu kuifungua droo kila alipotoka kunywa chai. Naomba radhi hadharani.

Kumbe alikuwa ameona kuwa duara la unga linalingana kabisa na la kidonge cha hospitali tunachotumia kulinganishia. Akaujaribu unga kwa bakteria wasiokufa kwa kidonge hicho. Wakaota kama magugu. Akaenda mwenyewe kuchuma majani ya kichaka kilekile alichotaja shemeji, akayakausha, akayapima mara tatu. Hayakuua chochote.

Shemeji alipoitwa, alimkumbusha kwamba wao ni familia. Mama Rudia alimjibu bila kupaza sauti, "Shemeji, umesaga vidonge humu. Na watoto wananyweshwa bila mtu kujua kipimo."

Shemeji alikiri, na unga ukaondolewa sokoni. Lakini tangu siku hiyo mama mkwe wa Mama Rudia hakupokea simu zake. Yeye hakutuambia, tuliona tu ameanza kuomba zamu za sikukuu ambazo hakuna aliyezitaka.

Mwezi uliopita bibi mmoja mzee aliingia maabara akiwa na chupa ya dawa ya kikohozi ya kitukuu wake. Alitutazama mmoja mmoja, hakuturidhia hata mmoja. Kisha akauliza mkwe wake anakaa meza gani.

Asante, mama yetu, kwa kutotuamini. Tunakuombea afya tele, usingizi mzito na majirani wakweli.