Mgeni Aliyefua Mashuka Yake

Bwana Yesu asifiwe! Ndugu zangu, itikieni kwa nguvu, maana mkiitikia kinyonge nitarudi kukaa, na nikikaa leo sitainuka tena kulisema hili.

Mnanifahamu. Mimi ni mtoto wa hapahapa Kilole, yule daktari mliyekuwa mkimwona kwenye televisheni akiongoza chuo kikuu. Mlikuwa mnajivunia, najua. Leo nimewaletea aibu yangu. Nivumilieni.

Kabla ya kupewa chuo nilikuwa mtafiti wa fistula, ule ugonjwa wa mama kutokwa na mkojo bila kuweza kujizuia, mara nyingi baada ya uchungu wa kuzaa uliokawia. Nilizunguka Handeni, nikafika Mazingara, nikafika hadi kwenye maboma ya wafugaji, nawatafuta kina mama waliofichwa vyumba vya nyuma. Nawaambia, "Mama, usione haya, njoo utibiwe." Maneno matamu! Mama mmoja kule Mazingara akaniuliza, "Daktari, wewe unaijua hii aibu?" Nikamjibu naijua. Uongo mtupu, nilikuwa nimeisoma tu.

Basi nikakabidhiwa chuo. Haukupita muda nikapasuliwa, nikaondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe. Kidonda kikapona vizuri, lakini kumbe kisu kilikuwa kimegusa kibofu, mkojo ukaanza kuvuja, nimekaa, nimesimama, nimelala. Ndugu zangu, sikuhitaji hata kupimwa! Ugonjwa wenyewe nilikuwa naufundisha darasani. Bingwa wa fistula ana fistula, nimwambie nani? Nikawa nanunua nepi za watu wazima kwenye miji nisikojulikana, najimwagia manukato mpaka dereva wangu anapiga chafya.

Na chuo nacho kikawaka moto. Hospitali iliyokuwa ikipokea wanafunzi wetu wa udaktari kwa mafunzo ilikataa kuendelea nao. Wanafunzi wakagoma. Walitaka jambo moja tu, mkuu wao aje ukumbini akae nao, awaeleze watajifunzia wapi. Kukaa! Nitakaaje muda wote ule mbele ya watu huku kiti kinalowa? Nikawa natuma wasaidizi. Nikijitokeza, nasema maneno mawili nimesimama, huyo, nimeondoka. Wakasema mama ana dharau. Mwishowe chuo kikafungwa. Siku ile nilipita na gari nikawaona wamekalia masanduku yao kando ya barabara, mvua inawanyeshea. Sikusimama. Nikaazimia kujiuzulu, nikakimbilia kwa dada yangu Esta, mnamjua, yule pale.

Kila alfajiri nilikuwa nadamka kabla yake nafua mashuka. Siku moja akanifuma nimeinamia beseni. Alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Wewe Dokta, mgeni wa wapi anafua mashuka ya mwenyeji wake? Kitanda changu kina nini? Kina kunguni? Sema!"

Nikasema, si hivyo, dada.

"Basi ni nini? Umesoma sana, sasa unatuona sisi wachafu!"

Machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Dada, navuja."

Esta akayatazama yale mashuka. Kisha akasema polepole, "Kumbe! Mimi nikadhani unanidharau."

Wapendwa, neno lile lilinichoma, kwa sababu wanafunzi wangu nao walidhani hivyohivyo. Mimi najificha kwa haya, wao wanaonihitaji wanaona kiburi. Esta akaketi chini palepale kwenye maji, akanishika mikono yangu yenye povu, akaomba, "Bwana, huyu mdogo wangu haya zinamuua kuliko ugonjwa. Anza na hizo haya." Aleluya! Halafu akanipokonya mashuka, akamalizia kuyafua yeye.

Sikujiuzulu tena, nikarudi chuoni. Nikawaita wanafunzi, nikaomba kiti, nikakaa. Nikawaambia kweli kwamba hospitali bado sina, na kwamba nilikuwa nawakwepa kwa sababu ya maradhi. Maradhi gani, sikuthubutu kusema. Tulibishana sana, tukakubaliana wagawanywe kwenye hospitali za wilaya wakati tunatafuta nyingine. Kiti kililowa, nami sikuinuka mpaka wa mwisho alipotoka. Masomo yakaanza tena.

Ndipo nikaenda kutibiwa. Aliyenishona ni kijana niliyemfundisha kazi hiyo mwenyewe. Nilijifunika uso kwa kanga, naye akafanya kazi yake bila kuuliza neno, Mungu ambariki. Nimepona, ndugu zangu! Nalala, naamka, shuka kavu! Asante Yesu!

Lakini siwadanganyi, aibu haijaisha. Uso unaniwaka hapa nilipo. Ukiacha Esta, mchungaji na wale madaktari, nyinyi ndio wa kwanza kusikia ugonjwa wangu ulikuwa upi. Na nikimkumbuka yule mama wa Mazingara natamani ardhi inimeze.

Nimesimama kwa sababu kuna mama humu ndani. Amekaa karibu na mlango. Kila Jumapili anatoka kabla ya sala ya mwisho ili asishikane mikono na mtu, na nimesikia mkisema anaringa. Mama, jina lako silijui, wala sitakuuliza. Mtumaini Mungu. Leo ukiinuka kuondoka usikimbie, tutatoka pamoja.