Pichi kwa Bibi Harusi

Ndani ya basi, mpambaji alifungua kisanduku cha vipodozi vipya, rangi laini zenye majina ya vyakula, akampaka abiria jirani rangi mbili mkononi kana kwamba wanajuana.

“Shangazi, hii aiskrimu imekaa kama chokaa. Na mdogo wangu anataka kuolewa nayo kesho!”

“Mpake hii pichi, imekubali.”

“Marehemu mama yetu hakupaka rangi nyingine ila pichi. Bibi harusi ataangua kilio.”

Jirani aliugeuza mkono kwenye mwanga kama anayekagua samaki. “Yeye, au wewe mwanangu?”

Mpambaji alifunga kisanduku kwa kishindo, ingawa hakikuwa na kosa.

Basi liliposimama, alimpa jirani karatasi laini ajifute. Yule mama alifuta aiskrimu tu, pichi akaiacha mkononi, akashuka.